Mwiba Alioupata Nzi wa Machungwa

Mwalimu Tumsifu, umehamia juzi tu na tayari umenikasirikia kwa kuingia uani kwako bila hodi kuokota machungwa yaliyoanguka. Haya, kaa hapo nikueleze, maana nimechoka kumweleza kila mgeni.

Zamani za mwanzo, nzi wa matunda alikuwa na mkia butu. Hakuweza kulitoboa chungwa lililo mtini. Alitaga mayai kwenye yale yaliyoanguka na kupasuka, basi. Watu walikuwa na kazi moja: kila asubuhi kuyaokota na kuyafukia kwenye shimo refu. Kuinama tu.

Bibi mmoja, Hadia, hata hilo lilimshinda. Alikuwa na mchungwa mmoja mlangoni, na yaliyoanguka aliyaacha yaoze palepale. Jirani yake Mwanamvua alimwambia mpaka akachoka.

"Shoga, fukia hayo."

"Kesho," alijibu Hadia. "Nzi nao si wana watoto?"

Kweli walikuwa nao. Funza walitoka kwenye machungwa yaliyooza, wakajichimbia mchangani chini ya mti, wakaibuka nzi kamili, mamia kwa mamia. Machungwa ya chini hayakuwatosha tena. Mti nao ulikuwa umechoshwa na uvundo. Nzi jike alipouendea akilia, ulimchomolea mwiba wake mmoja. "Chukua, ukatage huko juu," ulisema, "mradi usininukishie miguuni." Nzi akaupachika mkiani.

Msimu huo Kibibi, mke wa mwanawe Hadia, alikuwa mjamzito, na kila alichokula alikitapika isipokuwa chungwa. Hadia akamchumia moja zuri, lenye kidoa kidogo tu. Kulipasua, funza. La pili, funza. Akaumaliza mti mzima, na Kibibi hata kusimama hawezi.

Hadia akakimbilia kwa Mwanamvua. Huko nako nzi walikuwa wameruka uzio na kuharibu yote, ila saba ambayo Mwanamvua aliyafunga vitambaa ili ndege wasiyadonoe. Mwanamvua alikuwa na hasira, na hakuificha. Lakini aliyafungua yote saba, akampa. Kisha akachukua jembe, akaingia uani kwa Hadia bila hodi na kufukia kila lililokuwa chini.

Na tangu siku hiyo nzi hulitoboa chungwa likiwa mtini, sisi huyavisha machungwa yetu vitambaa, na lililoanguka halina mwenyewe: anayeliona analifukia, hata liwe uani kwa nani. Mtoto wa Kibibi alizaliwa salama, na ukoo wetu wote umetoka kwake. Kwa hiyo huyo Hadia ni bibi yangu mimi, na kila asubuhi mgongo ukiniuma namtaja, wala si kwa kumsifu.

Yako matatu haya hapa, funza wameshaanza kuchezacheza ndani. Shika jembe, mwalimu. Shimo lifike magotini.