Fagio za Bi Sange na Gogo la Kiboko

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na njia.
Tukapita.
Njia ikafika mtoni.
Tukavuka.
Mwenye masikio?
Ayatege.
Mwenye usingizi?
Akakoromee kwao.

Basi tegeni. Kiboko hali karanga. Hajawahi kula karanga, baba yake hakula karanga, na babu yake alikufa bila kujua ladha ya karanga. Chakula chao ni majani. Sasa kwa nini Kiboko wa hadithi hii alikusanya karanga mpaka zikajaa shimo, hilo msimulizi ameliuliza kwa wakubwa na kwa wadogo, na mpaka leo hajapata jibu. Wengine husema ni uroho. Lakini ni uroho gani huo, wa kitu usichokila? Tuliache swali liloe hapo, sisi twende kivukoni.

Zamani hizo palikuwa na mto mmoja wenye kivuko kimoja, kikiitwa Kivuko cha Matope. Aliyetoka huku kwenda kule alipita hapo. Aliyetoka kule kuja huku alipita hapo. Na kivuko kilikuwa mali ya Kiboko, kwa sababu Kiboko alikuwa amelala ndani yake na hakuna aliyeweza kumhamisha.

Kando ya maji Kiboko aliweka magogo yenye uvungu. Mwenye kitu cha kuuza alitundika kibao chake juu ya gogo. Mpita njia akikitamani kile kitu, anagonga gogo: ngo. Kiboko anatoa pua majini, anamwelekeza pa kwenda, kisha anadondosha kokoto moja kibuyuni. Jioni mwenye kibao anakuja, kokoto zinahesabiwa, na kwa kila ngo moja analipa karanga moja.

"Kutundika ni bure," Kiboko alikuwa akiwaambia. "Kutazamwa ni bure. Unalipa mteja akigonga. Asipogonga, sikudai, hunidai, tunaagana kwa heri."

Watu waliona hiyo ni haki. Na kweli ilikuwa haki, mpaka ilipoanza kugongwa.

Juu ya kilima aliishi Bi Sange. Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama mkonga uliokosa tembo. Yeye na kufagia ni pete na kidole. Kila alfajiri huamka akafagia vijia vyake, fya fya fya, lisibaki hata jani moja, maana Sange akikimbia hataki kujikwaa. Basi akawaza: kwa nini nisiuze fagio? Akasuka fagio za ukindu, imara, zinazokaa vizuri mkononi. Akateremka kivukoni na kibao chake: FAGIO NZURI, KWA BI SANGE, KILIMANI.

Alikuwa na kapu moja la karanga, nalo lilikuwa la mbegu. Masika yakifika angezipanda. Zikiisha kabla ya masika, watoto wake wanne wangekula upepo wa kilimani mwaka mzima. Alilijua hilo vizuri. Lakini alijiambia: ufagio mmoja nitauuza kwa karanga tano, gogo nitalilipa moja, kapu litajaa mpaka limwagike.

Siku ya kwanza: ngo, ngo, ngo. Gogo likagongwa mara sita, na wateja wawili wakapanda kilima. Siku ya pili: ngo ngo ngo ngo. Mara thelathini, mteja mmoja. Siku ya tatu: ngongongongongo. Mara tisini. Mteja hakuna.

Bi Sange alijilaumu mwenyewe. Alidhani wateja wanafika nusu ya kilima, wanaziona fagio kwa mbali, wanacheka, wanarudi. Akazifumua zote akazisuka upya, akazifunga utepe mwekundu. Siku ya nne, mara mia na kumi. Mteja hakuna. Kitako cha kapu kikaanza kuonekana.

"Fagio zako hazina kasoro," jirani yake Nungunungu akamwambia Bi Sange. Huyu aliuza sindano, na hakuhitaji kwenda mbali kutafuta za kuuza. "Mimi wiki iliyopita niligongewa mara mia mbili. Unajua niliuza sindano ngapi?"

"Ngapi?"

"Moja. Na aliyenunua alikuja kuirudisha."

"Labda wanagonga kwa mchezo tu."

"Mara mia mbili, Bi Sange? Mchezo gani huo usiochosha mkono?"

"Sijui, jirani. Sipendi kumwita mtu mwizi kabla sijaona alipokanyaga."

Maneno yalipomtoka, yeye mwenyewe ndiye aliyeyasikia zaidi. Alfajiri iliyofuata aliteremka na ufagio wake, akafagia mchanga wote kuzunguka gogo, fya fya fya, ukawa laini kama unga.

"Leo umenipa heshima," Kiboko alisema.

"Usafi tu, bwana mkubwa."

Jioni akarudi. Kibuyuni, kokoto mia na ishirini. Mchangani, nyayo za Ngiri, zikienda moja kwa moja majini bila kusimama popote. Nyayo nyingine hakuna.

"Bwana mkubwa," Bi Sange akauliza, "wateja wangu hawa mia na ishirini wana miguu?"

"Wanayo."

"Mbona hawakukanyaga?"

Kiboko akafumba jicho moja. "Wateja wa siku hizi wanatembea kwa adabu. Lipa."

Akalipa. Kesho yake akaondoa kibao cha fagio, akatundika kingine: MKIA WA CHURA UNAUZWA. Chura hana mkia, hata mtoto anajua. Jioni akaambiwa gogo limegongwa mara mia na thelathini.

"Soko limebadilika," Kiboko alimweleza huku akitafuna majani. "Watu wanataka vitu vipya. Lipa."

Akalipa. Kapuni zikabaki konzi mbili za mkono wa sange, ambazo hata mkizichanganya hazijazi kifuu. Na upande wa mashariki wingu jeusi lilikuwa limeshaanza kujikunja.

Sasa alijua. Lakini kumjua mwizi si kumshika, hasa mwizi mwenye ukubwa wa nyumba.

"Utamfanya nini?" Nungunungu akamuuliza. "Ukitaka kumsukuma, utaanzia wapi?"

"Simsukumi."

"Utamshtaki?"

"Atasema wateja ni wa kweli."

"Basi?"

"Basi wawe wa kweli," Bi Sange akasema, akachukua kipande kipya cha ubao.

Ilikuwa siku ya gulio, siku ambayo jioni yake wanyama wote hukutana kivukoni kubadilishana mali. Asubuhi mapema Bi Sange aliteremka na kibao chake cha tatu. Hiki kilikuwa na maneno mengi kidogo.

"Nikusomee, bwana mkubwa?"

"Ya nini? Andika utakalo. Mimi sisomi, mimi nahesabu."

"Si vibaya mtu kujua kinachogongwa gogoni kwake."

"Bi Sange, tangu niwe na magogo haya sijasoma kibao hata kimoja, na tazama nilivyonawiri. Tundika uende zako."

Akatundika, akaenda zake. Jua lilipofika utosini, akiwa kilimani, alisikia gogo likianza. Ngo. Ngo ngo. Ngongongongongongo. Alihesabu mpaka hamsini, akaacha, akaendelea kusuka.

Jioni gulio likajaa. Katikati alisimama Bi Twiga, mwamuzi wa gulio. Alipewa kazi hiyo kwa sababu anaona mbali, ingawa maneno huchelewa kumfikia.

"Bwana mkubwa," Bi Sange akaita, "leo zimegongwa ngapi?"

"Mia tatu na tano," Kiboko akasema, kifua kimejaa.

"Sema tena, halijafika huku," akasema Bi Twiga.

"Mia tatu na tano."

"Na ni wateja wa kweli?" Bi Sange akauliza.

"Wa kweli. Kila mmoja amegonga kwa hiari yake na akili zake timamu. Anayepinga ashuke majini tuzungumze."

Hakuna aliyeshuka.

"Mimi sipingi," Bi Sange akasema. "Nitalipa zote. Naomba tu kibao kisomwe."

Nungunungu akasogea, akasafisha koo, akasoma: "Agongaye hapa amekubali kuifagia njia ya kivukoni. Ngo moja, siku moja."

Mara kila mmoja akakumbuka kwamba hakugonga.

"Mimi nilikuwa kwa shangazi," alisema Ngiri.

"Mimi sina mikono," alisema Chatu.

"Mimi nikigonga kitu huvunjika," alisema Nyati, "na gogo lile pale, zima."

"Basi, bwana mkubwa," Bi Sange akasema kwa upole, "nionyeshe wateja wangu. Wananidai fagio, nami nawadai siku mia tatu na tano."

Kiboko akawatazama watu, watu wakamtazama. Akisema wapo, awataje. Akimtaja yeyote, huyo yuko hapo na ataapa. Akisema hawapo, basi kokoto zimetoka wapi?

"Labda ni upepo," akasema.

"Upepo una akili timamu?" Bi Twiga akauliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno bila kurudiwa.

Ndipo sauti ikatoka mtini. Alikuwa Kigong'ota, yule ndege anayedonoa miti kutwa kucha.

"Aliyegonga ni mimi," akasema.

"Zote?"

"Zote. Na za jana. Na za mkia wa chura, na za sindano. Bwana mkubwa aliniambia, kila adhuhuri gonga nitakapokuonyesha, mchwa wote waliomo magogoni ni wako. Mimi nikaona ni neema. Hata asingeniomba, ningegonga kitu fulani mahali fulani. Kusoma sijui. Kwani nimekosa?"

Alisema hivyo bila hila yoyote, na Bi Sange alipomtazama hakuona mwizi. Aliona kiumbe anayejua kazi moja.

"Mmemsikia," Kiboko akadakia. "Amekiri mwenyewe. Afagie yeye."

Bi Twiga akaanza kuinamisha shingo. Ilikuwa safari ndefu, na watu wote waliifuata kwa macho, mpaka uso wake ukafika mbele ya uso wa Kiboko.

"Karanga ziliingia shimo la nani?"

"Langu."

"Kwa hiyo ngo ya kulipwa ni yako, ngo ya kufagia ni ya ndege?"

Kiboko akazama. Mapovu yakapanda: bu, bu, bu. Watu wakangoja. Kiboko anaweza kukaa sana chini ya maji, lakini gulio linaweza kukaa zaidi juu yake. Alipoibuka, masikio yake yalikuwa yamelala.

Hukumu ikatolewa palepale, matone ya kwanza ya masika yakianza kudondoka. Kwanza, karanga za watu zirudi kwa watu. Shimo likafukuliwa, zikakutwa zote, haikuliwa hata moja, na nusu yake zimekwisha kuchipua kwa unyevu wa mto. Bi Sange hakungoja kuzikausha. Alizibeba na watoto wake wanne mpaka kilimani, wakazipanda mvua ikiwanyeshea, na hawakuchelewa hata siku moja.

Pili, Kiboko aifagie njia ya kivukoni siku mia tatu na tano, kwa kuwa alikubali mara mia tatu na tano.

Na Kiboko alitii, tusimnyime haki yake. Kila asubuhi alitoka majini akaenda kazini. Ila ufagio haukumkaa, akaona afagie kwa mkia. Wanaomjua Kiboko wanajua anapouzungusha mkia ule huwa anatawanya nini. Pwata pwata pwata, kulia na kushoto, mpaka juu ya majani ya miti. Njia iliyofagiwa na Kiboko haikupitika kwa kinyesi. Aliyetaka kuvuka ilimlazimu kwanza apande kilima. Ngiri akanunua ufagio. Chatu akanunua ufagio. Nyati akanunua fagio tatu. Bi Twiga mwenyewe akanunua mmoja, wenye mpini mrefu kupita yote iliyowahi kuchongwa. Bi Sange hakutundika kibao tena, na fagio zake hazikutosha.

Basi kumbukeni ilivyoamuliwa: afagie Kiboko. Na waliofagia, siku zote mia tatu na tano, ni wengine wote.

Funzo la ngano hii ni kwamba usigonge usichokisoma, na usimtumie ndege katika dhambi yako. Hilo ndilo linalofundishwa gulioni. Kilimani, wauza fagio huwafundisha watoto wao jingine: mwanangu, ukitaka wateja wa kweli usihangaike na vibao, mtafute kiboko mmoja umkabidhi usafi.

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mniachie sufuria mimi niliyeipika.