Kwa Nini Chemchemi ya Kirenge Huchemka Upande Mmoja

Sikilizeni, na wewe uliyenyoosha miguu ikunje, wenzako wapate pa kukaa. Zamani hizo Chemchemi ya Kirenge ilikuwa ya uvuguvugu tu pande zote, haina hata povu. Watu wa milimani walioga huko siku za mapumziko, wakiimba na kurushiana maji mpaka sauti zinawakauka. Kwao, aliyeoga kimya alikuwa ametoka kuzika. Wafugaji wa mbugani nao walioga pale pale, siku nyingine, bila kunong'ona hata neno. Kwao maji yalikuwa mahali pa kupumzisha masikio, maana walishinda kutwa na kengele za ng'ombe.

Ikawa Nakijwa, mama wa milimani, amemposea mwanawe Kiondo binti wa mfugaji Lembris, aitwaye Namnyaki. Vijana hao walipendana kweli. Nakijwa akawaalika wakwe Kirenge, wapumzike pamoja kabla ya kupanga harusi.

Wageni walitangulia. Wenyeji walipofika wakiimba, wakawakuta wamezama hadi shingoni, kimya, macho wameyafumba. Nyimbo zikakatika. Nakijwa, mwanamke mwenye adabu zake, akafunga kanga kiunoni, akaangua kilio, na mashangazi wote wa Kiondo wakakipokea kilio.

Lembris akatoka majini amekasirika. Tangu lini mgeni akakaribishwa kwa kilio? Akachukua fimbo yake, akamwambia binti yake wanaondoka, posa imevunjika. Namnyaki alimtazama Kiondo, machozi yakamtoka. Lakini hakutoka majini. Akamuuliza Nakijwa kwa upole, "Mama, mnamlilia nani?"

"Marehemu wenu, mwanangu. Hata jina lake hatujaambiwa."

"Sisi wazima wote, mama. Tunapumzika."

Nakijwa akakatiza kilio, akaifungua kanga kiunoni. Aliyeanza kucheka ni Lembris, akacheka hadi fimbo ikamponyoka. Chemchemi nayo ikashindwa kujizuia: upande waliosimama wenyeji ikatokota kwa kicheko, upande wa wageni ikatulia kwa heshima yao.

Basi toka siku ile maji ya Kirenge huchemka upande mmoja na kutulia upande wa pili, na kila anayefika huuliza kwanza, "Kwenu wazima?" akajibiwa, "Wazima, tunapumzika." Kiondo na Namnyaki walioana. Sisi wajukuu wao huoga katikati, tukiimba kwa sauti ya chini.