Kitufe cha Kasiani

Mtu mmoja alikuwa na kitufe. Jina lake Kasiani, fundi wa programu za kompyuta, na kitufe chenyewe kilikuwa alama ya kuuliza pembeni mwa skrini: mtumiaji akikwama anakibonyeza, maelezo yanatokea. Kasiani alikisajili serikalini, akapewa hati, akaitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake. Mkewe hakulipenda hilo.

Hapo angetosheka. Lakini alisikia kwamba fundi mwenzake, Bi Tulizo, ametengeneza programu ya vyama vya ushirika, nayo ina mahali pa kubonyeza mtu akikwama. Roho ikamuuma. Akamshtaki, na hakudai kitufe tu, alidai njia nzima: mtu kukwama, kutambua kwamba amekwama, na kuomba asaidiwe. Yote hayo, alisema, aliyabuni yeye. Mahakama ikaamuru msaada katika programu ya Bi Tulizo uzimwe mpaka kesi iishe. Makarani wa ushirika wakabaki wanatazamana na mashine, na wakulima wa kahawa wakapanga foleni hadi barabarani. Bi Tulizo alijua kwamba akishindwa, kazi yake ya miaka sita imekwenda na maji.

Siku ya kesi Kasiani alivaa suti, akaja na kompyuta yake ili auoneshe uvumbuzi. Akaiwasha mbele ya jaji. Ikaganda, na kitufe chake kikaganda nayo. Alikibonyeza mara tisa, kwanza kwa heshima, kisha kwa hasira. Jasho likamtoka. Wanasheria wake walijua sheria tu. Katika chumba kile alikuwamo mtu mwingine mmoja tu anayezijua mashine, na Kasiani alimjua vizuri mno. Alijikaza alivyoweza, maskini, kisha akaisogelea meza ya pili kichwa chini.

"Samahani, dada yangu, hebu nitazamie hii."

Bi Tulizo aliinuka, akabonyeza hapa na pale, mashine ikaamka. Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akageukia ukuta. Jaji hakucheka. Alivua miwani, akauliza: "Njia hii uliyoombea msaada sasa hivi, uliisajili lini?"

Kasiani aliifuta kesi kabla ya saa sita mchana. Nanyi mnaonisikiliza, ni nani kati yenu aliyevumbua kukwama?