Kijibwa cha Sultani na Vyakula Visivyopikwa Jikoni

Hapo zamani, katika mji wa Mtapwani, Sultani Shehali alikuwa na kijibwa aliyeitwa Lulu, zawadi ya mabaharia wa ng'ambo, asiyezidi ukubwa wa nazi. Watu wa barazani waliogopa najisi, lakini walimwogopa Sultani zaidi, wakawa wakimwita Lulu "paka mgeni". Hata Kadhi alimpapasa kichwa akasema, "Mashaallah, paka huyu ana sauti nene!"

Basi Sultani akaamuru kwamba kila akilacho yeye, Lulu naye ale. Ikawa asubuhi ni mikate ya sinia, adhuhuri biriani, usiku halua, mpaka tumbo la kijibwa likaburutika sakafuni, naye akawa hasimami tena, kazi yake kulala ubavu na kuguna. Mganga mmoja akasema, "Dawa yake ni kufunga." Sultani akamfunga mganga.

Kisha mbiu ikapigwa: atakayemponya Lulu bila kumnyima akilacho Sultani, atapewa aombalo, akishindwa, kichwa chake halali ya upanga.

Akajitokeza Ngwali, hohehahe wa kofia ya matundu. Mama yake, Bi Mwatime, alikuwa mjane, na shamba lake la minazi Sultani alikwisha kulitwaa apanue bustani yake, hata mama na mwana wakawa wanalala ukumbini kwa jirani. Mama akamshika kanzu akilia, "Mwanangu, shamba limekwenda, nawe wataka kwenda?" Ngwali akasema, "Nalifuata, mama."

Alipofika mbele ya Sultani akainama. "Bwana wangu, nimesikia sawasawa? Ukilacho wewe, ndicho nimpe?"

"Hicho, wala si kingine," akasema Sultani. "Na ukimdhulumu tonge moja, utanijua."

Basi akapewa chumba cha uani, mtungi wa maji, na askari wa kumchunga. Kila asubuhi Ngwali alimwuliza askari, "Bwana wetu amekula nini kisichopikwa jikoni?"

Siku ya kwanza askari akajibu, "Amekula yamini mbele ya Kadhi." Ngwali akaweka sahani tupu mbele ya Lulu, akamsomea kile kiapo chote. Siku ya pili, "Amekula njama na Waziri." Ngwali akamnong'oneza kijibwa sikioni. Siku ya tatu, "Amekula hasara, jahazi lake limezama." Akamsimulia, na Lulu akanywa maji akalala. Siku ya nne kijibwa aliamka mwepesi, akabweka, akaruka dirishani.

Sultani alipomwona anakimbia alicheka kwa furaha. Kisha akamgeukia askari. "Alikula nini?"

"Bwana, hata punje ya wali hakuionja."

Macho ya Sultani yakawa mekundu. "Ewe mwana kizabizabina! Biriani yangu iko wapi?"

"Zamu yake haijafika, bwana wangu," akasema Ngwali. "Hukuniambia nianze na kipi, nawe ulavyo ni vingi! Yamini kala, njama kala, hasara kala. Kitu kimoja tu ndicho alichokikataa." Akafunua kawa ya sahani aliyokuja nayo. Sahanini palikuwa na udongo. "Hili ni shamba la mjane Bi Mwatime, ulilolila mwaka jana. Nilimwekea, akanusa, akageuza uso. Kumbe hata paka mgeni ana kinyaa chake."

 Pale barazani Kadhi akashikwa na kikohozi kisichokwisha, na askari akauma midomo asicheke. Sultani akautazama upanga, akayatazama macho ya watu wake, akaona haya. Akauliza kwa sauti ndogo, "Waomba nini?"

"Kwangu siombi kitu. Naomba nikutibu nawe."

"Mimi? Kwa kufunga?"

"La, bwana wangu. Kufunga kunamfaa aliyevimbiwa na chakula chake. Aliyevimbiwa na cha watu, dawa yake ni kutapika."

Basi Sultani akatapika: shamba la Bi Mwatime likarudi siku ileile. Na kulipopambazuka kesho yake, nje ya lango la jumba palikuwa na umati wa wajane na mayatima, kila mmoja na sahani yake ya udongo mkononi.