Zimwi Aliyetaka Kujua Nani Anaula Mwezi

Mniwie radhi, wanangu. Hadithi hii nikiishika mimi hupinda, na kuinyoosha sijui. Vumilieni hivyo hivyo.

Paukwa!

Pakawa!

Alikuwepo zimwi mwenye mdomo mmoja usoni na wa pili kisogoni. Kila jioni alikaa msituni kando ya moto wake, akiutazama mwezi unavyopungua, amenuna. Wivu! Aliamini kule juu kuna mlafi kumshinda yeye.

Basi akawa anakamata watu na kuwauliza: "Nani anaula mwezi?"

Wa kwanza akasema, "Fisi." Akamezwa.

Wa pili akasema, "Wingu." Akamezwa.

Wa tatu akasema, "Sijui, bwana mkubwa." Huyo akasifiwa kwa ukweli wake, kisha akamezwa.

Siku moja akamkamata Sikudhani, binti wa Kazija mfinyanzi. Jioni hiyo mwezi ulikuwa haujaandama. Kazija akajitwika chungu cha maji kilichopakwa chokaa, akafuata nyayo za zimwi mpaka kwenye moto wake.

Kazija jibu alikuwa nalo. Akifinyanga, hukizunguka chungu kinyumenyume, na siku zote huona upande wa mlangoni unang'aa, wa ndani ya nyumba ni mweusi.

"Mwachie mwanangu, nikuonyeshe."

"Nionyeshe kwanza," kisogo kikajibu.

Kazija akamkalisha zimwi chini, akainua chungu juu, akaanza kumzunguka taratibu.

"Moto ndio jua. Chungu ndicho mwezi. Wewe ndiwe dunia, na ukubwa unao."

Chungu kilipofika upande wa moto, zimwi aliona weusi tu. "Umeliwa!"

"Haujaliwa. Unang'aa upande wa kule."

Kilipofika ubavuni, akaona nusu. Kilipofika mgongoni, akageuka, akakiona chote cheupe.

"Mzima! Tena!" Kazija akazunguka.

"Tena!" Akazunguka.

Kisha midomo yote miwili ikasema pamoja, polepole: "Jibu tumelipata. Chakula bado."

Kazija akayamwaga maji yote motoni. Tsss! Giza.

"Mama!"

"Nyamaza, mwanangu."

"Mwezi uko wapi?" zimwi akauliza.

"Umegeuka, bwana. Si umeona hurudi? Tulia uungoje."

Zimwi akatulia. Mama akapapasa, akaushika mkono wa Sikudhani, wakaondoka kwa kunyata.

Mpaka leo, mwezi usipoonekana, msituni husikika sauti mbili, moja mbele, moja nyuma, zikiulizana:

"Bado?"

"Bado."

Hadithi yangu naituliza hapo. Funzo lake: zimwi alijua mwezi hurudi, lakini hakushika nuru yake inatoka wapi. Msishike jibu mkaiacha sababu.

Na asiyeelewa asiulaumu mwezi. Huo unafundisha tangu dunia iumbwe, na watu bado wanautazama. Mimi nimefundisha mara moja tu, na wanne mmeshalala.