Nani Somo Yake Mtoto wa Mwanaidi?

Sogeeni, sogeeni! Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye simu aizime. Hadithi hii haisikilizwi bure. Mwishoni kila mtu atadaiwa jibu, na "sijui" si jibu.

Walikuwako Tanga wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Batuli alijaliwa mikono: kitu kikubwa akikishika hukigeuza kidogo. Ashura alijaliwa subira: angeweza kulifundisha hata jiwe likasoma. Mgeni alijaliwa moyo: wenzake wakiulizana, "Twende?" yeye keshafika. Na wa nne alikuwa Mwanaidi, mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha barafu ya samaki, mwenye mimba kubwa baada ya mbili kuharibika. Huyu wa nne ndiye mwenye shida, basi tukae naye.

Barafu ile hugandishwa kwa amonia, hewa kali ipitayo ndani ya mabomba. Ikivuja huchoma macho na kukaba roho. Lakini pua za pale kiwandani zilikuwa zimeshazoea, na wakongwe wa kazi walisema, "Hiyo ndiyo harufu ya riziki." Riziki gani inayotoa watu machozi, Mungu ndiye ajuaye.

Batuli alikuwa mhandisi. Mashine ya kutambua hewa aliyoikuta maabara ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Alihangaika nayo miaka, akiunguza nyaya na vidole vyake, mpaka ikaenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Huvuta hewa, hutia chembe zake umeme, kisha huzishindanisha mbio katika kijia chembamba. Nyepesi hutangulia, nzito hujikokota, na kwa mwendo wa kila moja mashine hujua ipi ni ipi. Kiwandani wakakiita kifaa kile Pua. Bila Batuli, Pua isingekuwako.

Ashura alikuwa mkemia, na alipata kazi, jamani! Maana Pua ilipofungwa ukutani ililia kwa kila kitu. Samaki akioza, inalia. Mtu akija kazini Ijumaa kajifukiza udi, inalia kama imefiwa. Wafanyakazi wakachoka, wakaifunga kanga wakaitia kabatini. Ashura akaifungua, akakaa nayo na ndoo za samaki waliooza na chetezo cha udi, akiifundisha mmoja mmoja: "Huyu siye. Na huyu siye." Paka wa mtaa mzima wakawa wanamsindikiza nyumbani. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, nakupenda, lakini leo lala uani." Mwisho Pua ikaacha uzushi. Bila Ashura, ingeozea kabatini.

Mgeni alikuwa mpakiaji barafu. Asubuhi moja Pua ikalia, na hakuna aliyenusa kitu.

"Nani tena kajifukiza?" watu wakacheka.

"Hajajifukiza mtu," Mgeni akasema. "Siku hizi haisemi uongo. Na Mwanaidi yuko ndani!"

Akalowesha kanga, akajifunika pua na mdomo, akaingia chumba cha mabomba. Hewa ilikuwa imeanza kuchoma. Alimkuta Mwanaidi yuko magotini, kakumbatia tumbo.

"Dada Mgeni, mtoto wangu!"

"Mtoto wako ananisikia. Wewe nyamaza, utembee!"

Akamburura hadi nje. Hawajakaa sawasawa, bomba likapasuka lote. Bila Mgeni, leo mngekuwa mnasikiliza tanzia.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mwanaidi alikuwa akimtazama anyonyavyo, machozi yanamtoka, anasema, "Alhamdulillahi. Huyu kaletwa na Mungu kwa mikono ya watu watatu." Na shukrani kubwa kwao ni moja: kumpa mtoto jina la mtu. Mtu huyo huwa somo yake, wakaitana "somo yangu" hadi kaburini.

Najua mshaanza kunong'ona: "Si ampe yote matatu!" Aa! La kwanza ndilo lake, la pili la baba, la tatu la babu. Somo wa kugawana watu watatu mmemwona wapi?

Mwanaidi akawaendea. Batuli akasema, "Mpe Mgeni. Mimi nilikuwa maabara napigwa feni, yeye ndiye aliyeingia." Mgeni akacheka. "Mimi nalitaka, sijivungi! Lakini haki ya Mungu, ingekuwa Pua ile ya zamani, nami ningecheka na wenzangu. Muulize Ashura." Naye Ashura akajibu taratibu, "Ningekifundisha kitu kisichokuwako?"

Mama mkwe akachoka na safari hizo. "Mwanangu, Batuli jina zuri, la kidini. Yaishe!"

"Mama, hapa sichagui uzuri wa jina," Mwanaidi akamjibu. "Nikikosea, wawili nitakuwa nimewaambia kuwa maisha ya mwanangu hawakuyafanyia kitu."

Siku ya akika ikafika. Mbuzi kachinjwa, ubani unafuka, wale watatu wamekaa mkeka mmoja, wamevaa sare. Mwalimu wa madrasa akampokea mtoto, akamgeukia mama.

"Haya, mama. Mtoto wetu anaitwa nani?"

Mwanaidi akawatazama wote watatu. Aliwapenda sawasawa, na hapo ndipo penye taabu. Akafumbua kinywa.

Msinitazame mimi! Mwalimu kainama, sikio kalitega kwa mama. Ninyi mngemwita mtoto huyu nani?