Kiboko Aliyeuza Vibuyu vya Kuazima

Wenzangu, mmekaa?
"Tumekaa!"
Na wa nyuma mnanisikia?
"Tunakusikia!"
Basi tegeni masikio, na atakayesinzia jirani yake amfinye.
"Tutamfinya!"

Hapo kale, katika bonde la Mkwese, mvua ilikataa kunyesha. Mto ukasinyaa, likabaki dimbwi moja tu, mbali, chini kabisa ya bonde. Kila mnyama alichota maji kwa kibuyu, akapanda nayo kilima, tindi, tindi, tindi, mpaka nyumbani. Mwaka huo wadudu walikuwa wameila mimea ya vibuyu ingali michanga, kwa hiyo hapakuwa na vibuyu vipya. Aliyekuwa na kibuyu alikitunza kama mtoto.

Juu ya mawe aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia. Kibuyu chake kilikuwa na shingo ya kupinda. Kwa kuwa pimbi hunywa kidogo, na majani humtosha, kibuyu hicho kilikaa siku nyingi bila kazi.

Siku moja akaja Bwana Kiboko. Ghala lake lilijaa mahindi hadi mlangoni, na bado akipita kwa watu alikodolea macho vyungu vyao.

"Hodi, Bi Pimbi!"

"Karibu, Bwana Kiboko."

"Niazime kibuyu chako. Mwezi ukiandama, siku ya ngoma, nakurudishia, na kibaba cha karanga juu yake."

"Na usiporudisha?"

Kiboko akacheka, mfff! "Nisiporudisha, dimbwi linikatae!"

Kiapo cha dimbwi hakikuchezewa pale Mkwese. Aliyekivunja, Tembo na ndugu zake walisimama ukingoni wakamzuia maji. Pimbi akatoa kibuyu.

Kiboko akakipeleka moja kwa moja sokoni, akamuuzia Ngiri kwa pishi nne za mahindi. Akaazima na vya wengine kwa kiapo hichohicho, navyo akaviuza. Pimbi alipopata habari alishangaa. "Anauza kitu kisicho chake? Atarudisha nini?" Lakini akanyamaza, atazame mwisho wake.

Haukupita muda, Kiboko akasimama katikati ya soko, akapaza sauti kama mwenye huruma. "Jamani, mwaka huu vibuyu vina ugonjwa! Ukivinywea, mkia unakatika!"

Mama Digidigi, mjane mwenye miguu kama vijiti, akajishika nyuma. "Yarabi! Na wangu wenyewe ndio huu tu!"

Wanyama wakakimbilia sokoni kuuza. Bei ikaanguka, puu! Pishi nne zikawa mbili, mbili zikawa moja, moja ikawa kibaba. Kiboko akanunua taratibu, kibaba kwa kibaba. Ngoma ilipolia akamrudishia kila mtu chake, na karanga alizoahidi. Mahindi yote yaliyobaki yakawa yake.

Nani angemshtaki? Kila aliyemwazima alirudishiwa. Ila Ngiri, aliyenunua kwa pishi nne akauza kwa kibaba, sasa alibeba maji mdomoni. Akifika nyumbani wanawe wanapata mate tu.

Pimbi alikaa juu ya jiwe lake, akizitazama karanga. "Kibuyu changu nimepata. Karanga nimepata. Mbona hazishuki?"

Siku zikapita, mkia wa mtu haukukatika. Hofu ikatoka, vibuyu vikarudi kuwa pishi nne. Na Kiboko akarudi kwa Pimbi na kiapo kilekile. Pimbi akampa, lakini safari hii akamfuata sokoni, akajibanza nyuma ya magunia.

Kiboko akamuuzia Ngiri kile chenye shingo ya kupinda. Jioni akabisha kwa Ngiri, akiahidi karanga kama kwa Pimbi. "Niazime hicho kibuyu." Akaapa, akapewa, akamuuzia Kobe. Kesho yake akabisha kwa Kobe. "Niazime hicho kibuyu." Akaapa, akapewa, akamuuzia Mama Digidigi.

Pimbi akazunguka nyumba hadi nyumba.

"Ngiri, kibuyu chako kiko wapi?"

"Nimemwazima Kiboko."

"Kobe, na chako?"

"Nimemwazima Kiboko."

"Mama Digidigi?"

"Hiki hapa, mwenzangu. Tazama shingo yake ilivyopinda."

Pimbi akahesabu kwa vidole. Kibuyu kimoja, wadai watatu! Akapita bonde zima, akakuta vibuyu vingine navyo vimeuzwa hivyohivyo. Alipojumlisha aliyoyasikia, akaona jambo ambalo Kiboko mwenyewe, kwa pupa yake, hakuliona: alidaiwa vibuyu vingi kuliko vibuyu vyote vilivyokuwepo Mkwese.

Kesho yake Kiboko akaanza tena: "Ugonjwa umerudi!" Mama Digidigi akakimbia na kibuyu kichwani. Pimbi akamzuia njiani.

"Usiuze."

"Mkia wangu, Bi Pimbi! Wewe huna, utajuaje uchungu?"

"Nikuulize kitu kimoja. Kama vibuyu vina ugonjwa, yeye anavinunua vya nini?"

Digidigi akasimama. Akakishusha kibuyu, akakikumbatia.

"Waambie na wenzako," Pimbi akanong'ona. "Asiuze mtu mpaka ngoma ilie."

Wakaambiana. Kiboko akakaa sokoni na vibaba vyake, siku ikapita, nyingine ikapita, hakuna aliyekuja kuuza. Mwezi ukaandama. Ngoma ikalia, dundu! dundu! Tembo na ndugu zake wakashuka kusimama ukingoni.

Kiboko akaanza kutoka jasho. "Mama Digidigi, niuzie hicho. Kibaba."

"La."

"Pishi nne basi!"

"Kumi," akasema Digidigi, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Kiboko akalipa kumi, akampelekea Kobe. "Chako hiki, tumemalizana. Sasa niuzie."

"Ishirini," akasema Kobe.

Akalipa ishirini, akampelekea Ngiri. "Chako hiki, tumemalizana. Sasa niuzie."

Ngiri akawatazama wanawe, midomo imekauka. "Arobaini."

Akalipa arobaini, akampelekea Pimbi. Na kila nyumba ikawa hivyo: anarudisha, ananunua, anarudisha, ananunua, na kila akinunua bei inapanda. Mahindi yakatoka ghalani, shwaa, shwaa, mpaka panya wenyewe wakahama. Na bado alidaiwa kibuyu kimoja.

Jua likawa kali. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka mistari. Aliyabaini maji kwa harufu, na Tembo hakusogea. Akapanda mawe, akihema, akapiga goti mbele ya Pimbi.

"Bi Pimbi, wengine hawaniuzii tena, kimebaki hicho chako tu. Taja bei."

Pimbi akakitazama kibuyu, akamtazama Kiboko. Hakuwahi kuona mkubwa namna ile akiwa chini ya macho yake. Akasikia utamu kifuani, akaacha muda upite kidogo, kisha kidogo tena.

"Bi Pimbi," Digidigi, aliyekuwa amewafuata, akasema polepole, "damu inamtoka."

"Ghala," akasema Pimbi. "Ghala lenyewe, na kuanzia leo utapandisha maji ya wote mgongoni mpaka mvua inyeshe."

"Nimekubali! Nipe!"

Akapokea kibuyu, akakipeleka kwa mdai wake wa mwisho, akateremka mbio. Tembo akampisha. Chubwi!

Kisha akapandisha maji mgongoni, na watoto wa Ngiri wakanywa, gulugulu, wakashiba. Pimbi akahamia ghalani. Asubuhi alipotoka, Ngiri alikuwa anapita. Akasimama, akainamisha kichwa, akaongea kwa sauti ileile ndogo aliyozoea kumsalimia nayo Kiboko.

"Shikamoo, mwenye ghala."

"Marahaba," akajibu Pimbi. Kisha akabaki mlangoni muda mrefu, akimtazama anavyoharakisha kuondoka.

Hapo hadithi imeketi chini, na mimi nainuka. Mmeshiba?
"Tumeshiba!"

Basi mshike funzo lake. Kiboko hakukosa kwa kuuza cha watu, wala kwa kudanganya soko zima. Hayo ni mambo ya kawaida kwa wenye maghala. Kosa lake ni kuahidi kurudisha. Kwa hiyo, wenzangu, mkiazima kitu, semeni asante, mnyamaze. Na anayetaka kuja kuazima chochote kuanzia leo, asipite mlangoni kwangu.